Saa Iitwayo Ng'ambo: Kuitetea Overseas

Najua hapa huwa tunazungumza vitabu. Leo naomba mnivumilie kidogo, maana nina saa ya mkono ninayotaka kuihakiki kama tunavyohakiki riwaya. Ina jina lenye maana, ina waandishi wake, ina matoleo matatu, ina ndugu wawili mashuhuri ambao kila siku inalinganishwa nao, na kwa maoni yangu imesomwa vibaya kwa karibu miaka 30. Saa yenyewe ni Overseas ya Vacheron Constantin, nyumba ya saa ya Geneva iliyoanza mwaka 1755.

Niseme mapema tusije tukapotezeana muda: mimi sina saa hiyo, na sidhani kama nitakuwa nayo. Ile ya chuma tu, bila dhahabu, inauzwa zaidi ya dola 20,000. Niliivaa mara moja, dakika 20 hivi, katika duka moja Dubai nilipokuwa nikingoja ndege ya kurudi nyumbani, na muuzaji alijua fika kwamba sinunui. Lakini tangu lini mhakiki akalazimika kumiliki anachokihakiki? Nusu ya vitabu tulivyovijadili humu tulivisoma kwa kuazima.

Tuanze na hao ndugu wawili, kwa sababu bila wao hatutaelewa kwa nini huyu wa tatu amedharauliwa.

Desemba 1969 Seiko ya Japani ilitoa Astron, saa ya mkono inayoendeshwa na betri na fuwele ya kwatzi. Ilikuwa inashika majira kuliko saa yoyote ya ufunguo. Uswisi ikaingia katika miaka ya hofu: kama saa ya betri inakwenda vizuri zaidi na itazidi kushuka bei, ya fundi ni ya nini tena? Jibu moja lilitoka mwaka 1972. Audemars Piguet walileta Royal Oak, saa ya chuma yenye ukingo wa pembe nane na skrubu zinazoonekana waziwazi, kwa faranga 3,300. Watu walishangaa. Chuma kwa bei ya dhahabu! Mwaka 1976 Patek Philippe nao wakatoa Nautilus. Zote mbili zilichorwa na mtu mmoja, Gérald Genta, na mwenyewe aliacha simulizi tamu kuhusu kila moja: Royal Oak aliichora usiku mmoja baada ya kupigiwa simu jioni, na Nautilus aliichora kwa dakika chache akiwa mgahawani, huku akiwatazama wakubwa wa Patek wakila meza ya pili.

Hebu mtazame simulizi hizo zilivyokaa. Kuna fikra moja, kuna usiku mmoja, kuna karatasi. Ni ile picha ya mwandishi tunayoipenda sote, eti kazi kubwa humjia mtu peke yake, ghafla, kama mvua.

Sasa mwaka 1977 Vacheron Constantin walitimiza miaka 222, wakatoa saa iliyoitwa 222. Ilikuwa na ukingo wenye mikato midogo kuzunguka kioo, bangili ya chuma iliyounganika na mwili, na nembo ndogo ya msalaba wa Malta katika kona ya chini kulia. Na ndani yake? Mashine ya ukoo ule ule uliokuwa ndani ya Royal Oak na Nautilus, yaani ule uliotoka kwa Jaeger-LeCoultre, mwembamba kiasi cha milimita 3 hivi. Nyuso tatu, moyo mmoja. Hakuna aliyeweza kusema hii ya tatu ni ya daraja la chini.

Ila mchoraji wake hakuwa Genta. Alikuwa kijana aitwaye Jörg Hysek. Na kwa miaka mingi watu wengi wakawa wanaiandika 222 kuwa kazi ya Genta! Fikiria umeandika kitabu kizuri ukiwa kijana, halafu wasomaji wanakisifu kwa dhati na kumpongeza mtu mwingine. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo zima. Ukoo huu haukukosa kazi, ulikosa hekaya.

Overseas yenyewe ilitoka mwaka 1996 kama mjukuu wa 222. Waliohusika na sura yake ni Vincent Kaufmann na Dino Modolo. Mwaka huo huo kampuni iliingia mikononi mwa kundi la Richemont. Hapakuwa na usiku mmoja wala mgahawa. Ni saa iliyozaliwa kazini, kama vitabu vingi vinavyozaliwa: kwa kikao, kwa marekebisho, kwa watu zaidi ya mmoja. Na wapinzani wake walikuwa na hoja ya haki, lazima niikubali: mashine ya toleo hilo la kwanza ilijengwa juu ya msingi wa Girard-Perregaux, si ya nyumbani. Kwa bei ile, na kwa jina lile, mnunuzi alikuwa na haki ya kuuliza.

Lakini mhakiki hasomi toleo la kwanza tu akafunga kitabu. Toleo la pili, la 2004, lilikua kimwili, na pingili za bangili yake zikakatwa kwa umbo la nusu ya msalaba wa Malta. Toleo la tatu, la 2016, likaja na mashine yao wenyewe, inayokwenda saa 60 ukiivua na kuiweka mezani, na ikapewa Muhuri wa Geneva, alama inayotolewa kwa kazi ya mkono iliyokaguliwa hadi kwenye sehemu ambazo mwenye saa hatazionea kamwe. Yaani waliisikia lawama, wakaenda wakaandika upya. Ni waandishi wangapi hufanya hivyo?

Hapa nataka nisimame kwenye nembo, kwa sababu wengi huipita kama pambo. Msalaba wa Malta, ambao Vacheron waliusajili kuwa alama yao mwaka 1880, unafanana na kipuri kidogo kilichokuwa kikifungwa juu ya pipa la spiringi katika saa za zamani. Kazi yake ilikuwa kuzuia saa isikazwe kupita kiasi, ili nguvu itoke kwa usawa. Fikirieni: nyumba imechagua kifaa cha kiasi kiwe sura yake. Ukilijua hilo, unaanza kuisoma Overseas tofauti. Katika matoleo mawili ya kwanza ukingo ulikuwa na mikato minane. Katika la tatu ikabaki sita. Waliupunguza msalaba, hawakuukuza. Royal Oak inakuonyesha skrubu zake zote. Overseas inakuachia umbo la msalaba uligundue mwenyewe, na usipoligundua haikasiriki.

Sasa jina. Kwa Kiswahili hatuna shida nalo: Overseas ni Ng'ambo. Kwa mtu wa Geneva neno hilo lina historia ya biashara. François Constantin, aliyejiunga na kampuni mwaka 1819, ndiye aliyekuwa msafiri wa nyumba, akizunguka nchi za watu kuuza saa. Ng'ambo kwake ni kule mzigo unakopelekwa.

Kwetu Ng'ambo ni neno lenye tabu zaidi. Ni kule ndugu zetu wanakokwenda na kutuma hela, au kutotuma. Na Zanzibar, Ng'ambo ni mtaa halisi: upande wa pili wa hori iliyotenga Mji Mkongwe, walikoishi watu wa kawaida, waliotazamwa na wa mjini kama wako mbali ilhali ni hatua chache. Kwa hiyo neno lenyewe linauliza swali: ng'ambo ya nani? Unasimama wapi unapolitamka?

Toleo la 2004 lililijibu swali hilo vibaya. Nyuma ya kifuniko walichonga merikebu ya Kiitaliano, Amerigo Vespucci, yenye jina la baharia ambaye Amerika imeitwa kwa jina lake. Picha ni nzuri, sikatai. Ila ni safari ya upande mmoja: mzungu anaondoka, dunia inagunduliwa. Mtu wa pwani hawezi kuitazama bila kukumbuka kwamba majahazi yalikuwa yakienda na kurudi kwa kaskazi na kusi, kati yetu na Omani na Bara Hindi, zamani kabla Geneva haijawa na mtengeneza saa aitwaye Vacheron. Toleo la tatu liliiondoa merikebu. Badala yake kuna kioo, na nyuma ya kioo kinazunguka kipande cha dhahabu chenye umbo la dira. Dira haisemi nani anakwenda kwa nani. Sijui kama walifikiria hayo huko Geneva, na wala si lazima. Tunahakiki kilichoandikwa.

Turudi dukani Dubai. Saa ilikuwa kwenye mto mdogo, mishale imesimama kama zinavyosimamishwa saa nyingi za madukani, kwenye kumi na dakika kumi. Uso wa buluu, uliopakwa tabaka juu ya tabaka hadi rangi inakuwa na kina kama maji ya mkondo. Hakuna namba hata moja, ni vijiti tu. Muuzaji akataja saa kwa Kiingereza. Mimi kichwani nikasikia saa nne na dakika kumi.

Marehemu baba alinifundisha kusoma saa kwa Seiko yake, akiniambia: "Mwanangu, usisome mshale unapoelekea. Soma namba iliyo upande wa pili." Mshale mfupi uko kwenye saba, ng'ambo yake kuna moja, basi ni saa moja asubuhi. Utoto wangu wote nilisoma saa za watu kwa kuvuka. Hii isiyo na namba haikunilazimisha kuvuka popote. Ilikuwa saa nne, basi. Najua, na ndugu zake wawili nao kwa kawaida hawana namba. Sidai kwamba hili ni la Overseas peke yake. Nasema tu kwamba saa yenye jina la Ng'ambo ndiyo iliyonikumbusha.

Kisha muuzaji akafanya jambo lililonishinda nguvu. Aliing'oa bangili ya chuma kwa vidole, bila chombo chochote, akatia mkanda wa ngozi, kisha wa mpira. Sekunde chache. Saa hiyo hiyo ikawa ya ofisini, ikawa ya baharini. Kwenye Royal Oak na Nautilus bangili ni nusu ya maandishi; ukiiondoa umechana kurasa. Overseas imeandikwa ikijua kwamba msomaji atasafiri nayo na kubadili nguo.

Kasoro zipo. Ina unene wa milimita 11, na ukikumbuka wembamba wa babu yake 222, unaona imenenepa. Chini ya mkono wa shati inajitokeza. Na bei ni bei. Siwezi kuifanyia ufasaha.

Ila bei isitupotoshe pia. Desemba 2021 Nautilus moja yenye uso wa rangi ya Tiffany iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 6, na watu wakaichukulia nyundo ya dalali kama hukumu ya uhakiki. Mnada hupima hamu. Haupimi kazi. Mwaka 2022 Vacheron walipoirudisha 222 kwa dhahabu ya njano, wale wale walioipita Overseas madukani kwa miaka walianza kuimba sifa za ukoo. Angalau jina la Hysek sasa linatajwa, nami nashukuru. Lakini mbona babu anasifiwa na mjukuu aliyebeba nyumba kwa miaka yote hiyo anapitwa? Kwa sababu babu sasa amepata hekaya.

Na sisi wasomaji tusicheke. Muulize mtu yeyote kuhusu Kezilahabi, atakwambia Rosa Mistika ilipigwa marufuku mashuleni. Ni kweli, na ni riwaya kubwa. Lakini Gamba la Nyoka ya 1979, isiyo na kisa cha kusimulia kijiweni, nani anaifungua bila kulazimishwa na mtihani? Tunapenda kitabu kilichotokewa na jambo. Kitabu kilichofanya kazi yake kimyakimya tunakiacha rafuni, kisha tunajiita wasomaji.

Hukumu yangu basi: toleo la 2016 ndilo bora kati ya matoleo matatu, na katika ndugu wale watatu ndilo pekee ninaloona limeendelea kujisahihisha. Royal Oak ina ujasiri zaidi. Nautilus ina ulaini zaidi. Overseas ina kiasi, na kiasi hakina wapiga debe.

Niliivua, muuzaji akaipangusa alama za vidole vyangu, akairudisha kwenye mto. Nikaenda kupanda ndege.

Wewe je? Ni kitabu gani unachokijua kilichokosa hekaya tu? Kitaje hapo chini, tukisome.