Madirisha makubwa, na giza ndani

Mwezi wa Juni uliopita niliitwa kusali pamoja na jamaa moja iliyohamia nyumba mpya hapa Likasi. Nyumba yenyewe yapendeza macho: matofali ya kuchoma, mabati mapya, na madirisha manne mapana ya vioo, yote yakitazama barabara. Ilikuwa saa nne ya asubuhi na jua lilikuwa kali. Lakini nilipoingia nilimkuta mtoto akisoma Katekisimu yake kwa mwanga wa simu ya baba yake, maana mapazia mazito yalikuwa yamefungwa pande zote.

Nikauliza, "Mama, mbona mwakaa gizani mchana?"

Akajibu, "Mwalimu, tukifungua, kila mpita njia atuona tunavyokula. Hata mboga chunguni wataihesabu."

Nimelifikiri neno hilo siku nyingi. Mama yule hakukosa. Kosa ni la nyumba, kwa kuwa yamlazimisha kila asubuhi kuchagua moja katika mawili: apate mwanga, au apate stara. Nyumba iliyojengwa vizuri humpa mtu yote mawili bila kumwuliza. Basi nasema wazi, ingawa wenyewe walitoa fedha nyingi, kwamba nyumba ile ni mbaya, na mabaya yake ni yale yale ya nyumba nyingi zinazojengwa mjini kwetu sasa. Fundi atazama barabara tu. Hatazami jua liko wapi, wala jirani yuko wapi. Dirisha kwake ni pambo la kuonyesha utajiri, nalo huishia kufunikwa kitambaa.

Shida ya mama huyu si mpya. Watu wa pwani, wenye lugha hii tunayoiandika, walikutana nayo zamani, nao waliijibu kwa mawe na chokaa. Tazameni mji wa Lamu, katika pwani ya Kenya, ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba zake kubwa za mawe, nyingi za karne ya 18, zilijengwa na Waislamu waliotaka dini yao iingie hata katika kuta. Kurani, katika Sura ya 24, yamkataza mwamini kuingia nyumba ya mwingine kabla ya kuomba ruhusa na kuwasalimu waliomo. Sisi sote tupigao hodi mlangoni twashika desturi hiyo hiyo. Tena walimu wengi wa sheria yao walimkataza mtu kutoboa dirisha linalochungulia ua wa jirani, kwa sababu jicho nalo laweza kuingia bila hodi.

Je, mafundi wa Lamu walifanyaje? Ukuta wa njiani waliuacha karibu mzima, bila madirisha makubwa. Mlangoni waliweka daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe, ambapo mgeni aongea na mwenye nyumba bila kuona ndani. Ukipita mlango, njia yapinda kwanza, ndipo ufike kiwandani, yaani ua ulio wazi juu. Mwanga wote wa nyumba hutoka hapo. Kutoka ua huo vyumba vyafuatana, kimoja nyuma ya kingine, virefu na vyembamba, kwa maana dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo haziwezi kuvuka upana upitao mita 3 hivi. Kuta zapakwa chokaa nyeupe, nayo hurudisha mwanga na kuusukuma mbele. Ukutani mwa ndani kabisa wamechonga zidaka, vishubaka vingi vidogo vya kuwekea vyombo vizuri. Na katika Sura ile ile ya 24 nuru ya Mungu yafananishwa na taa iliyowekwa katika shubaka. Jiko waliliweka juu darini, ili moshi uende zake. Jambo hili la jiko lingetosha peke yake kunifanya niwaheshimu mafundi wale.

Lakini mtu akisifu asifunge macho. Katika nyumba ile mwanga hupungua kila unapoingia ndani zaidi, na chumba cha mwisho, ambacho ndicho cha wanawake, cha wazazi na cha wagonjwa, ndicho chenye giza kuliko vyote. Mwenye daka alikaa penye hewa, na mwenye kujifungua alikaa penye giza. Stara iliyolipwa na upande mmoja tu, mimi siisifu. Wala sisi wa Kongo hatuwezi kusahau mali nyingi za pwani zilitoka wapi. Tippu Tip, aliyefanya biashara ya pembe na watumwa katika Maniema yetu, alifariki Unguja mwaka 1905, na nyumba yake ingaliko katika Mji Mkongwe. Mtu aweza kujifunza kwa fundi hodari, akajua pia nani aliyebeba mawe.

Tena kuinakili nyumba ya Lamu hapa Likasi kungekuwa upuzi. Lamu ni pwani, karibu na ikweta. Joto lake ni la unyevu, na adui wao mkubwa ni jua. Sisi tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, karibu digrii 11 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, jua la alasiri huchoma kuta za magharibi. Lakini mwezi wa Juni na wa Julai usiku twatetemeka. Siku hizo za baridi jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini. Basi dirisha la kaskazini hupokea jua wakati tunapolihitaji; na mwezi wa Desemba, jua likiwa karibu na utosi na kuegemea kusini, dirisha hilo hukaa kivulini. Hesabu hii yaeleweka kwa mtoto wa shule, nami sijaona fundi mmoja hapa aliyeuliza kaskazini ni wapi kabla ya kuchimba msingi.

Fundi mmoja Mwislamu, jirani yangu, nilipomweleza haya alicheka. Yeye hujua kaskazini kila siku, maana kutoka Likasi kibla iko kaskazini, ikielekea kidogo mashariki. Nyumba yake mwenyewe ina ua mdogo upande huo, umezungukwa na matofali ya matundu, yale tunayoyaita klostra: upepo wapita, mwanga wapita, jicho la mpita njia halipati kitu. Mlango wake hautazamani na mlango wangu. Aliusogeza hatua tatu alipojenga, wala hakuniambia sababu mpaka nilipomwuliza. Mtaguso wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, ulitufundisha kuwaheshimu Waislamu. Nadhani hata katika ujenzi twaweza kuanza hapo.

Msidhani ni habari ya uzuri tu. Umeme kwetu hukatika mara nyingi, ingawa mto Lufira ulifungwa Mwadingusha mwaka 1930 na Koni mwaka 1950, si mbali nasi. Nyumba ya giza na baridi hutaka mshumaa mchana na mbabula usiku. Mbabula ya makala ikiingizwa chumbani, madirisha yamefungwa kwa baridi na kwa haya, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Nimesimama kwenye matanga ya namna hiyo. Jua la mchana halitoshi kuifukuza baridi ya usiku, kwa hiyo mbabula na ibaki nje daima. Lakini sakafu iliyoota jua tangu asubuhi haipoi upesi kama ile iliyofunikwa mapazia.

Nilirudi kwa jamaa ile mwezi uliofuata pamoja na jirani yangu. Tulizunguka nyumba. Upande wa kaskazini kuna ukuta mtupu wa mita 7, na mbele yake nafasi ambapo wanamwaga majivu. Yeye akapima kwa hatua, akachora ardhini kwa kijiti: dirisha hapa, dirisha pale, na klostra mbele, juu kidogo kuliko kichwa cha mtu. Baba aliuliza bei, akanyamaza, akauliza tena bei ya dirisha moja tu. Mama alikuwa amekwisha kuanza kuyazoa majivu.