Sadako Hakusikia "Kumi!": Juu ya Maoni ya Watazamaji wa Filamu "Ringu"

Msomaji aliyezoea kukuta katika vijitabu vya namna hii habari za mahari, za majina na za kilio ataniuliza: filamu ya Wajapani imeingiaje hapa? Swali ni la haki. Filamu hii, "Ringu" ya mwongozaji Hideo Nakata, iliyotoka Japani mwaka 1998, ni habari ya mfu asiyezikwa. Na mambo watu wanasema wakiisha kuiangalia ni mambo ya mila tupu, hata kama wao wenyewe wanafikiri wanaongea sinema.

Kwa wale hawajaiangalia, ufupi wake ni huu. Kuna kaseti ya video. Anayeiangalia, simu inalia, na kisha siku saba anakufa, uso umeharibika kwa woga. Mwandishi wa habari, mama Reiko Asakawa, anafuata habari za kaseti hiyo kwa sababu binti wa jamaa yake amekufa nayo. Anaiangalia yeye mwenyewe, na kwa bahati mbaya mtoto wake mdogo Yoichi naye anaiangalia. Basi Reiko na Ryuji, mume wake wa zamani, wako na siku chache tu za kutafuta kaseti imetoka wapi. Njia inawafikisha ku kisiwa cha Oshima, kwa habari ya mwanamke aliyeitwa Shizuko, aliyekuwa na kipawa cha kuona yaliyofichika, na ya binti yake Sadako, ambaye alitupwa ndani ya kisima. Wanapata kisima. Wanatoa mifupa. Reiko anaikumbatia kama vile mama anakumbatia mtoto, na saa yake ya kufa inapita bila yeye kufa. Wote tunapumua. Kesho yake televisheni ya Ryuji inawaka yenyewe, Sadako anatoka mu kisima, anatambaa, anatoka mpaka nje ya televisheni, na Ryuji anakufa.

Nimeiangalia zaidi ya mara moja katika nyumba iliyojaa watu: walimu wenzangu, wamama wa jirani, vijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Maoni yanagawanyika karibu kila mara kwa njia ileile.

Vijana wanalalamika: "Iyi filme iko polepole sana. Damu iko wapi?" Wengi wao walitangulia kuona ile ya Wamarekani, iliyotoka 2002 chini ya Gore Verbinski, ambamo mambo yanakimbia na kila fumbo linafafanuliwa. Sitakawia hapa. Anayetaka damu, soko limejaa. Nitasema tu kwamba upole huo ndio unatufanya tuogope simu na televisheni, vitu vya nyumbani ambavyo hatukuviogopa jana. Na ule mwendo wa Sadako ambao vijana haohao, baada ya kulalamika, hawakuweza kuuangalia bila kufunika macho, haukutoka mu mashine. Mchezaji Rie Inoo, aliyesomea mchezo wa kabuki, alitembea kinyumenyume mbele ya kamera, kisha picha zikageuzwa. Ndiyo maana mwili unasogea mbele lakini viungo vinakataa.

Maoni yanayonisumbua ni mengine, nayo yanatoka hata filamu haijafika nusu vizuri: "Huyu mutoto iko mulozi." Watu wanayasema wakati Shizuko anaonyesha kipawa chake mbele ya waandishi wa habari. Wanaume wanasimama, wanamwita mwongo, na ghafula mmoja wao anaanguka, amekufa. Shizuko anamgeukia binti yake na kumwambia kwamba ni yeye amefanya. Hapo ndani ya nyumba, kila mtu ameisha kutoa hukumu.

Mwongozaji angeweza kutupa njia rahisi: mtoto hana nguvu yoyote, watu ni wajinga, basi. Hakufanya hivyo. Sadako iko na nguvu kweli, na mtu amekufa kweli. Lakini filamu inapofika ku kisima, haituonyeshi haki ikitendeka. Inatuonyesha mauaji. Profesa aliyemtunza mama na binti anatoka nyuma ya binti aliyeinama ku ukingo wa kisima, anampiga kichwani, anamtupa. Na hakufa palepale: kucha zake zimebaki zimekwama ku mawe, mahali alijaribu kupanda. Nguvu za mtoto ni habari moja, na kisima ni habari nyingine. Hii ya kwanza haifuti hii ya pili.

Katika nchi yetu, watoto wamefukuzwa nyumbani, wamepigwa, wamenyimwa chakula kwa neno hilohilo moja, mpaka sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ikabidi ikataze kuwashitaki ulozi. Kwa hiyo mtazamaji anayesema "mulozi" na kuendelea kula karanga hasemi neno dogo. Amesimama karibu na profesa, na kisima kiko mbele yake. Mama mmoja, niliposema hivyo, alinijibu kwa hasira: "Mwalimu, kwani yule mwanaume hakufa?" Alikufa, ndiyo. Sikuwa na jibu lingine la kumpa usiku ule, na hata leo sina kubwa zaidi ya zile kucha.

Tena jambo hili halikuzuliwa lote na mtungaji wa riwaya, Koji Suzuki, aliyechapisha "Ringu" yake mwaka 1991. Huko Japani kulikuwa kweli na mwanamke kijana, Chizuko Mifune, ambaye profesa Tomokichi Fukurai wa chuo kikuu cha Tokyo alimpeleka mwaka 1910 mbele ya wataalamu ili aonyeshe kipawa cha kuona yaliyofungwa. Walimshuku udanganyifu, magazeti yakaandika, na mwezi wa Januari 1911 alijiua kwa sumu. Profesa huyohuyo alimchunguza baadaye mwanamke mwingine aliyeitwa Sadako. Mwenye kujua habari hizo anaona vizuri kwamba Reiko kuwa mwandishi wa habari si bahati nasibu. Watu wa kazi yake ndio walioimaliza nyumba ya Shizuko.

Sasa tufike ku mwisho wa filamu, mahali watu wanagombana zaidi. "Bamemutosha mu kisima, bamemukumbatia, sasa anaendelea kuua juu ya nini?" Wengi wanasema mwisho huu umeharibu filamu. Mwalimu mmoja mwenzangu alisema mwandishi alikosa namna ya kumaliza, akaongeza kifo kimoja ili watu wapige kelele.

Ninaelewa hasira yao, na ninafikiri wako na haki nusu. Kuna sheria imevunjwa kweli, na si sheria ya sinema, ni ya mila. Hata Wajapani waliokuwa ndani ya sinema mwaka 1998 waliijua. Kwao, mtu aliyekufa kwa kudhulumiwa hatulii: anarudi, mara nyingi ni mwanamke, amevaa nguo nyeupe ya kuzikiwa, nywele zimeachwa wazi. Lakini anarudi kwa sababu kitu fulani kimekosekana, na kikipatikana anakwenda. Masimulizi maarufu ya namna hiyo ni ya Okiku, mtumishi wa nyumba ya mkubwa mmoja. Sahani moja kati ya kumi za thamani ilikosekana, akauawa na kutupwa mu kisima. Ku mji wa Himeji wanaonyesha mpaka leo kisima kinachoitwa chake. Kila usiku sauti yake inahesabu: moja, mbili, tatu, mpaka tisa, kisha kilio. Kwa namna moja ya kuyasimulia, mtu anajificha karibu, na sauti inapofika tisa anaita kwa nguvu: "Kumi!" Okiku anasikia hesabu imetimia, anapumzika.

Kwa watu wakubwa mambo yalikwenda vilevile, ila kwa gharama zaidi. Sugawara no Michizane, mtu wa elimu na wa serikali, alisingiziwa, akafukuzwa mbali na mji mkuu, akafa mwaka 903. Adui zake wakaanza kufa. Mwaka 930 radi ikapiga jumba la mfalme wakati wakubwa wamo ndani. Walimrudishia vyeo vyake, na mwaka 947 wakamjengea hekalu la Kitano. Leo ni mungu wa elimu, na wanafunzi wanamwendea kabla ya mitihani. (Nikiwaeleza wanafunzi wangu habari hii, ni ile nusu ya mwisho tu wanashika.)

Basi Reiko anapoikumbatia ile mifupa ndani ya maji, yeye anaita "Kumi!". Kila mtazamaji aliyelelewa na masimulizi hayo, na sisi pia tuliolelewa na ya kwetu, anangojea sauti inyamaze. Na Sadako hakusikia.

Kwa nini hakusikia? Maoni yangu ni haya. Kwa Okiku, hesabu iliyotimizwa ni ileile iliyomuua. Kwa Michizane, jumba lilelile lililomfukuza ndilo lilimrudishia jina lake. Kwa Sadako, nani amejibu? Profesa hayuko. Ndugu wa ukoo aliyetaka kupata pesa kwa kipawa cha Shizuko ni mzee sasa, anaficha macho. Magazeti hayakuandika neno jipya. Mtu pekee aliyeshuka mu kisima ameshuka juu saa yake ya kufa imekaribia, kwa faida yake na ya mtoto wake. Kumbatio lake ni la huruma, sikatai, lakini ni la haraka. Kwetu, jamaa nyingi siku ya kumaliza kilio zinaketi, na linaulizwa mbele ya wote swali la madeni na la maneno yaliyobaki: nani alimkosea marehemu, nani anamudai. Wazee hawakubali watu waondoke kabla ya hapo, hata mvua ikinyesha. Kwa kilio cha Sadako, hakuna aliyeketi.

Kinachomwokoa Reiko, kama anavyogundua yeye mwenyewe mwishoni, ni kwamba alinakili kaseti na kumuonyesha Ryuji. Yaani Sadako anataka mateso yake yaonekane na mtu mwingine, na huyo naye amuonyeshe mwingine. Kwa hiyo mwenzangu akisema kifo cha Ryuji kimeongezwa tu, ninamwambia aondoe kifo hicho na filamu yote iliyotangulia inabaki hadithi ya watu wawili wenye roho nzuri waliofagia kaburi.

Wajapani wenyewe walitafuta baadaye njia nyingine ya kumtuliza: kumcheka. Mwaka 2012, kwa kutangaza filamu mpya, Sadako mwenye nywele usoni aliingia uwanja wa Tokyo Dome kurusha mpira wa kwanza wa mchezo wa besiboli. Watu walipiga picha. Labda nayo ni namna ya hekalu.

Inabaki sehemu ya mwisho kabisa, ambayo vijana wanaipita na wazee wanainyamazia. Reiko ameelewa kwamba Yoichi atapona tu akinakili kaseti na kumuonyesha mtu. Anapanda gari, anampigia simu baba yake, anamwambia anakuja, iko na jambo la kumuomba kwa ajili ya Yoichi. Mawingu meusi mbele ya gari. Filamu inaisha hapo. Hatuoni mzee akiangalia, hatujui kama ataambiwa. Katika sehemu ya pili ya 1999 tunajulishwa tu kwamba amekufa.

Wamama karibu wote waliungana na Reiko: mtoto ni mtoto. Walimu wanaume walisema binti haachilii baba yake kifo namna hiyo bila kumueleza, hata kwa mjukuu. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mzee mmoja wa jirani, aliyelala usingizi nusu ya filamu, alisema wamuulize yeye. Wakamuuliza. Akasema angeiangalia hiyo kaseti, hakuna shida, lakini binti yake aikae pembeni, kwa kiti kilekile, mpaka mwisho, na asimuambie eti ni filamu tu.