Mdomo Uko Wapi? Namna ya Kuchagua Boya la Mtoto

Ingia duka la vifaa vya michezo Kariakoo au Nyali uulizie boya la mtoto, utaletewa kwanza kinachopendeza: kizibao chenye papa kifuani, duara lenye kichwa cha bata, maboya ya mikononi ya rangi ya waridi. Mtoto atachagua papa, mzazi atauliza bei. Swali lenye uzito halitaulizwa na yeyote: mtoto akichoka, akaacha kurusha mikono, mdomo wake utakuwa wapi?

Kuelea si kazi kubwa, hata nazi inaelea. Kazi ni kuelea uso ukiwa juu. Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa na kizito kwa kulinganisha na kiwiliwili chake, na shingo haijapata nguvu. Akiinamia maji kidogo tu, kichwa humvuta, na kukiinua hawezi. Kwa hiyo kifaa chenye povu jingi mgongoni na haba kifuani kinaweza kumlaza kifudifudi, na kikamshikilia hivyo hivyo huku kikielea vizuri kabisa.

Anzia kwenye lebo. Madukani hupangwa pamoja vitu vya koo mbili tofauti: vya kujifunzia kuogelea na vya kuokoa maisha. Bidhaa zilizotengenezwa kwa viwango vya Ulaya huandikwa EN 13138 zikiwa za kujifunzia, na ISO 12402 zikiwa za kuokoa. Ukiona herufi CE peke yake, usitulie. Hata mwanasesere huwa nazo.

Ndani ya ISO 12402 kuna madaraja, 50, 100, 150 na 275. Hizo ni nyutoni, kipimo cha nguvu ya kuinua, na nyutoni 10 ni kama kubeba kilo 1. Daraja la 50 ni la anayejua kuogelea na ambaye msaada uko karibu. Halikusudiwi kumgeuza mtu aliyezimia. Kuanzia 100 ndipo jaketi hutarajiwa kumlaza chali katika maji tulivu. Kwa mtoto asiyejua kuogelea anayepanda boti kwenda Mbudya au mtumbwi kule Ukerewe, mimi sishuki chini ya daraja hilo. Usishtuke lebo ya jaketi la mtoto ikionyesha nyutoni pungufu ya 100, maana watoto hupimiwa kwa uzito wao. Kinachotakiwa ni daraja liwe hilo na kilo zilizoandikwa ziwe za mwanao.

Jaketi za Kimarekani, ambazo hazikosi kwenye mitumba, huandika ratili. Chini ya 30 ni mtoto mchanga, yaani hadi kilo 14 hivi. Ratili 30 hadi 50 ni mtoto wa kilo 14 hadi 23, na 50 hadi 90 ni yule wa kilo 23 hadi 41. Tembea na kilo za mwanao kichwani, si umri wake. Wapo wa miaka minne wenye mwili wa miaka sita.

Lebo ikishakubali, weka macho pembeni, tumia mikono. Shika kola kwanza. Kola ya kweli imejazwa povu na inasimama nyuma ya kisogo. Ya bandia ni kitambaa kitupu kinacholegea ukikibonyeza. Juu yake pawe na kishikio, ule utepe mpana ambao mtu aliye botini ataudaka kumvuta mtoto. Geuza utazame ulivyoshonewa. Fundi aliyejua kazi hupiga mshono wa mraba na kuukata kwa msalaba ndani yake, nyuzi zikiwa nene na zilizobana. Aliyebahatisha hupitisha cherehani mara moja na kukata uzi. Uvute kwa nguvu zote hapo hapo dukani. Muuzaji akikasirika, amekwisha kujibu swali lako.

Kisha tafuta mkanda wa mapajani. Bila mkanda huo jaketi hupanda juu mtoto anapoingia majini, linamfunika masikio na kumwacha akining'inia ndani yake, mara nyingine linamvuka kabisa. Jaketi la mtoto mdogo lisilo na mkanda wa mapajani nalirudisha mezani, liwe la bei gani. Wazazi wengi huuacha ukining'inia kwa kuwa mtoto analalamika unamkera. Na akereke.

Ndani mna nini? Historia ya maboya kwa sehemu kubwa ni historia ya kujaza. Mwaka 1854 Kapteni Ward wa shirika la uokoaji baharini la Uingereza alibuni kizibao cha koki, lile gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa. Februari 1861 mashua ya uokoaji ya Whitby ilipinduka, wakafa 12 kati ya 13. Aliyebaki, Henry Freeman, ndiye aliyekuwa amevaa koki. Baadaye ikaja sufi, hii hii ya msufi tunayojazia mito, ambayo nyuzi zake zina uwazi ndani na nta kwa nje, maji hayapenyi kwa urahisi. Sufi ilitumika sana hadi enzi za Vita vya Pili vya Dunia, lakini ikilowa mafuta au ikigandamizwa muda mrefu huchoka.

Koki nayo iliwahi kuua. Tarehe 15 Juni 1904 meli General Slocum iliungua New York ikiwa imebeba kina mama na watoto waliokuwa wakienda pikiniki ya kanisa. Walikufa zaidi ya watu 1,000. Maboya yalikuwemo. Yalikuwa yamening'inia miaka 13, koki imegeuka vumbi, na mama waliowavalisha watoto wao wakawashusha majini waliwaona wakizama. Uchunguzi uliofuata ukagundua kiwanda kimoja kikitia vipande vya chuma kwenye koki ya maboya ili itimize uzito uliotakiwa na sheria.

Siku hizi hujazwa povu zito ambalo vitundu vyake vimefungwa kimoja kimoja, halinyonyi maji. Bandia hutiwa sponji ya godoro. Kuzitofautisha ni rahisi. Bana kati ya kidole gumba na kingine: sponji hubonyea hadi vidole vikakutana, povu zuri hukataa. Ukiwa bado na shaka, lizamishe kwenye ndoo usiku kucha chini ya jiwe. Asubuhi, likiwa limekuwa zito na linatiririka, umepata mto wa kukalia.

Kwa jaketi la mtumba pana ujanja mmoja zaidi. Legeza mkanda na utazame kitambaa kilichokuwa chini yake. Kama pale ni rangi ya chungwa inayowaka na pembeni yake pamepauka kama embe lililokauka, jua limeshakula kitambaa hicho na nyuzi zake pia. Kwaruza mshono kwa kucha. Unga ukitoka, achana nalo. Na bana povu: likitoa sauti ya kuvunjika, limekufa.

Rangi si urembo. Katika maji ya Nungwi au Paje, buluu na nyeupe hupotea mtu akiwa hatua chache tu chini yake, na nguo nyingi za kuogelea za watoto ni buluu kwa sababu eti ndiyo rangi ya bahari. Chukua rangi ya chungwa, manjano kali au waridi linaloumiza macho, kwenye jaketi na kwenye nguo ya ndani pia. Filimbi ikiwemo, vizuri, ila mfundishe mtoto kuipuliza.

Kujaribisha kufanyike kabla ya kulipa. Funga kila kitu, mwambie anyooshe mikono juu, shika jaketi mabegani uliinue. Kidevu na masikio vikitumbukia ndani, ni kubwa. Sare ya shule hununuliwa ya kukulia. Boya halinunuliwi hivyo. Mkifika majini, mlaze chali kwenye kina cha kiuno chako, mkono wako ukiwa chini yake, kisha uuondoe kidogo kidogo. Mdomo ubaki juu ya maji bila yeye kufanya juhudi. Asipozoea hali hiyo siku ya furaha, siku ya taharuki atapigana na jaketi lenyewe.

Maboya ya mikononi yana asili ya kugusa moyo. Bernhard Markwitz wa Hamburg aliyabuni baada ya binti yake wa miaka 3 kuponea chupuchupu katika bwawa la samaki mwaka 1956. Hata hivyo ni ya kujifunzia. Yachagueni yenye vyumba viwili vya hewa kila mkono na vali isiyoachia ukitoa kizibo. Mkono uliopakwa mafuta ya nazi huyavua wenyewe, na mtoto huzoea kusimama wima majini, mkao ambao hauogelewi. Vizibao vya povu vilivyobana kifua ni afadhali kwa mafunzo, hasa vile ambavyo vipande vyake hupunguzwa mtoto anavyopata ujuzi.

Maduara yenye kiti cha kutumbukiza miguu siyapendi hata kidogo: yakipinduka, miguu hunaswa juu na kichwa kikawa chini. Mapete ya shingoni ya watoto wachanga ndiyo mabaya kuliko yote. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani iliyatolea onyo baada ya mtoto mmoja kufariki na mwingine kulazwa hospitali.

Halafu kuna tyubu za matairi zinazokodishwa pale Jomo Kenyatta Beach Mombasa. Zinafurahisha, sitanii, lakini mtoto asiye na jaketi hafai kuachiwa tyubu. Upepo wa bara ukivuma asubuhi huisukuma nje kuliko mtu mzima anavyoweza kuogelea, na siku za bamvua mkondo wa maji kutoka husaidia upepo.

Botini, uliza jaketi la mtoto kabla chombo hakijang'oa nanga. La mtu mzima halimfai hata ukifunga mikanda yote, atateleza atoke kwa chini. Wenye chombo wakisema hawana, shukeni, na safari ijayo beba la kwako.

Jaketi likishatumika baharini lisuuze kwa maji baridi ya bomba, litundike kivulini. Usilianike juu ya bati wala usiligeuze la kukalia kwenye boti, kwani povu lililogandamizwa halirudi. Kila likizo inapokaribia mpime mtoto kilo upya. Zikipita zile za kwenye lebo, mpe binamu mdogo, naye umpime kwanza.