Nani Analipia Dizeli ya Batman?

Swali si langu. Liliulizwa na fundi wa magari hapa Homa Bay, Jumapili moja mchana, tukiwa watano tumeizunguka tableti moja kwenye kibanda cha chai karibu na steji. Tulikuwa tumefika mahali Batman anapotokea na gari lake jipya. Si lile gari jeusi jembamba tulilolizoea kwenye sinema. Hili ni lori, jitu la chuma kama yale ya kubeba mawe kwenye machimbo. Wengine wote tulikuwa kimya, tumeduwaa na mchoro. Fundi akaweka kidole kwenye kioo. "Omera, hii kitu inakula lita ngapi? Si mlisema huyu jamaa hana pesa? Nani analipia dizeli?"

Tulicheka hadi mama wa chai akaja kuangalia tunachekea nini. Lakini swali lenyewe limekataa kuniacha. Nimesoma uhakiki mwingi wa vitabu hivi, karibu wote wa Wamarekani, na sijakutana na aliyeuliza habari ya mafuta.

Kwa wasiojua, mambo yako hivi. Oktoba 2024 kampuni ya DC ilianzisha vitabu vipya vya katuni chini ya jina Absolute. Wazo lake ni rahisi: mchukue shujaa, mnyang'anye kile kilichomfanya awe salama, halafu uone atabaki na nini. Batman akanyang'anywa mali. Katika Absolute Batman, kilichoandikwa na Scott Snyder na kuchorwa na Nick Dragotta, Bruce Wayne si mtoto wa bilionea. Ni mhandisi, mtoto wa mwalimu. Baba aliuawa kwa risasi, mama bado yu hai. Wale tuliozoea kuwaona kama maadui wake, akina Penguin na Riddler, hapa ni marabiki zake wa utotoni. Na tajiri sasa ni Joker. Mwezi uliofuata kikatoka Absolute Superman, cha mwandishi Jason Aaron na mchoraji Rafa Sandoval. Humo Superman ni mtoto wa watu wa kazi ya mikono kule Krypton, na hapa duniani tunamkuta miongoni mwa wachimba madini Brazil.

Toleo la kwanza la Batman liliuzwa dola 4.99, yaani kama shilingi 650 zetu. Kwa hiyo sisi husoma kwa kuchanga: watu watano, mia moja thelathini kila mmoja, nakala moja ya kidijitali, tableti moja. Anayejua Kiingereza vizuri anasoma kwa sauti, na palipo pagumu tunageuza kwa Kiswahili au Dholuo. Nina kundi jingine Migori, nyumbani kwetu, ambalo hukutana kwa kinyozi nikienda kusalimia wazazi. Ukipita Rongo na Awendo hapo katikati safari si ndefu, lakini makundi haya mawili husoma kitabu kimoja kama vitabu viwili. Ndiyo sababu ya makala haya.

Tuanze na Batman. Homa Bay walimpenda kwa sababu ambayo sikuitarajia: mama yake. Dada mmoja anayesomea uuguzi alisema kwamba Batman wa zamani alimchosha, mtu mzima mwenye nyumba kubwa na mtumishi, bado analia kila usiku. "Huyu angalau akirudi nyumbani kuna mtu wa kumwuliza umekula?" Nadhani alilenga penyewe. Yatima tajiri anaweza kutupa maisha yake usiku kwa usiku bila kumkosesha mtu usingizi. Mwenye mama hawezi. Kila Bruce anaporuka kutoka ghorofani, kuna mtu anayeweza kupigiwa simu asubuhi. Snyder amelielewa hilo, na kurasa za mama na mwana ndizo bora zaidi katika kitabu chake, kuliko za ngumi.

Lakini fundi wangu hakukubali kununuliwa na mama. Hoja yake, alipoieleza vizuri baada ya chai ya pili, ni kwamba kitabu kimemnyang'anya Batman urithi lakini kimemwachia kila kitu ambacho urithi hununua. Lori lipo. Silaha zipo. Muda wa kulala mchana upo. Mtu maskini kweli, alisema, kwanza hana muda. Akitoka kazini saa kumi na mbili jioni, anaenda kazi nyingine.

Na hapa Kenya tuna sababu ya ziada ya kuwa wakali. Mwaka 2022 tulipitia kampeni nzima ya hustler na wilbaro. Tunaijua sana hadithi ya mtu mwenye nguvu anayevaa jasho la maskini kama koti, halafu akishaingia anapotaka kuingia, koti linatundikwa. Kwa hiyo Snyder anapotuambia huyu ni mwenzenu, sisi hatupigi makofi upesi. Tunaangalia viatu kwanza.

Nitamtetea kidogo. Jibu la kitabu kuhusu pesa halimo kwenye maneno, limo kwenye mchoro. Dragotta amemchora Batman mnene wa misuli kupita kiasi, mabega kama mlango wa gereji, na hata ile nembo ya popo kifuani inang'oka na kuwa shoka. Huyu mtu mtaji wake ni mwili. Mmoja wetu hubeba mizigo sokoni, na hakuuliza habari ya dizeli hata kidogo. Alikodolea macho mabega yale na kusema, "Huyu mgongo unamuuma." Kitabu chenyewe hakisemi hivyo popote, na ni hasara. Kama mwili ndio mali yake, basi mali hiyo inaisha, na ningetaka kuona inavyoisha.

Halafu kuna suala la kofia ya kufunika uso. Hapa tulishindwa kucheka.

Tangu maandamano ya Juni 2024, Mkenya wa rika langu akisikia habari za mtu aliyefunika uso usiku, hafikirii kuokolewa. Anafikiria gari lisilo na namba, vijana waliochukuliwa wakiwa wanaenda dukani, mama wanaozunguka mochwari na vituo vya polisi. Na Homa Bay ina jeraha lake. Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa nyumbani kwao katika kaunti hii, akapelekwa Nairobi, na akafa akiwa mikononi mwa polisi. Polisi walisema alijigonga ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujifanyia.

Sasa soma kitabu ambacho baba wa shujaa ni mwalimu aliyeuawa. Tulipofika hapo, yule aliyekuwa akisoma kwa sauti alinyamaza, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akasema jambo ambalo naliona ndilo uhakiki mzito kuliko wowote nilioandika mimi: kwamba Batman anafunika uso ili wabaya waogope, lakini kwetu anayefunika uso ndiye tayari ana nguvu zote. Kijana aliyesimama Nairobi mbele ya gesi ya machozi alikuwa uso wazi, simu mkononi, anajirekodi. Ushujaa wetu wa miaka hii ulikuwa wa kuonekana. Sidhani hilo ni kosa la Snyder. Mila ya kofia ilianza kabla yake na kabla yetu. Lakini kitabu kinachojisifu kubadilisha kila kitu kuhusu Batman hakikufikiria kubadilisha hiki, na msomaji wa Homa Bay ameona pengo hilo ndani ya dakika kumi.

Ukifika Migori, Batman anawekwa kando. Kule kitabu ni Superman.

Sababu ni ardhi. Migori kuna dhahabu. Kule Macalder, Nyatike, kampuni kubwa zilichimba dhahabu na shaba hadi 1966, kisha zikaondoka. Mashimo yalibaki, na watu wakabaki nayo. Leo ni wachimbaji wadogo: vijana wanateremka kwa kamba, wanawake wanaosha udongo kwenye karai na kuushika kwa zebaki, mikono mitupu. Binamu yangu amekaa kwenye mashimo hayo miaka minne. Yeye si msomaji. Alikuja kwa kinyozi kunyolewa, akakuta tunabishana, akatazama ukurasa wenye wachimbaji wa Brazil, na hakuondoka tena.

Aaron amefanya kazi safi hapa. Krypton yake haikufa kwa bahati mbaya. Waliokuwa juu walichimba sayari hadi ikaoza ndani, wakaficha ukweli, na wakajiandalia njia yao ya kutoroka. Ile herufi ya S kifuani ni alama ya tabaka la wafanyakazi. Kwa hiyo Superman anapokuwa miongoni mwa wachimbaji, akiwakinga dhidi ya walinzi wa kampuni ya Lazarus, hakuja kama malaika kutoka juu. Amewahi kuona mwisho wa filamu hii. Na joho lake, jinsi Sandoval alivyolichora, ni kama vumbi jekundu linalomfuata. Binamu aliligusa kwenye kioo. "Hili vumbi nalijua," alisema.

Nilifikiri kitabu kimeshinda. Kisha akasema, "Lakini wamekosea. Wachimbaji wote wanangoja."

Nilirudi nikasoma upya nikiwa na sentensi hiyo kichwani, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Wachimbaji wa Aaron wana heshima, wana majina, wana hasira. Lakini jambo kubwa linapotokea, macho yao huenda juu. Binamu alitueleza inavyokuwa shimo likiporomoka. Anayefika wa kwanza si serikali, wala si gari lenye king'ora. Ni wa shimo la jirani. Wanaacha mawe yao, wanaleta kamba, jembe, jenereta ya kuvuta maji, na wanachimba kwa zamu hadi wamtoe mwenzao, akiwa hai au la. Hakuna anayelipwa. Hakuna anayeandikwa jina. "Hao wote ni Superman," alisema, kisha akaona aibu kidogo na kurudi kwenye kiti cha kinyozi.

Kuna msomaji atakayesema: basi someni vya kwenu. Ni kweli, vipo. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyehamia Kenya, alitupa Akokhan kwenye magazeti ya hapa, supahiro wa Kiafrika miaka mingi kabla Wakanda haijawa sinema. Alifariki Nairobi katika ajali ya matatu mwaka 2012, kifo cha Mkenya wa kawaida kabisa. Katika miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithi ulichora ngano zetu, ya Lwanda Magere ikiwemo. Shujaaz ilianza 2010, ikagawiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, kwa Sheng, na shujaa wake, DJ Boyie, hana nguvu yoyote ila redio aliyoificha chumbani. Sitaki kusikia kwamba hatuna.

Kinachonishangaza ni jinsi wasomaji wangu wanavyotumia hivyo vya kwetu kama mizani bila hata kutaja. Angalia Lwanda Magere. Mkuki haukumdhuru, mwili wake ulikuwa jiwe, udhaifu wake ulikuwa kivuli. Siri ilipotoka nyumbani mwake, kivuli kikachomwa, naye akafa. Tumekua tukijua kwamba nguvu kubwa ina mahali inapoumia, na mahali hapo huwa ni nyumbani. Ndiyo maana yule dada wa uuguzi alimtafuta mama kabla hajatafuta ngumi. Au mchukue Gor Mahia wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, anayesemwa aliweza kujigeuza na kupotea machoni pa watu. Wazee hawamsimulii kama mtu wa kuigwa tu. Wanamsimulia kwa kicheko na kwa woga, kama mtu wa kuchungwa. Mwenye nguvu, kwetu, ni lazima aulizwe maswali. Lile la dizeli ni mojawapo.

Sasa hukumu yangu. Absolute Batman ni kitabu kizuri cha hasira na kibovu cha hesabu. Kinunue kwa ajili ya Dragotta na kwa ajili ya mama. Absolute Superman ni bora zaidi, kwa sababu kinajua utajiri hutoka wapi: ardhini, kwa mikono ya mtu. Kilichokosekana ni kuwaamini hao wenye mikono kwa kurasa ishirini tu, Superman akiwa ameshika kamba pamoja nao, wa nne au wa tano kwenye mstari, akipokea maagizo kutoka kwa mtu anayelijua shimo.

Juzi nilikuwa Migori tena. Binamu aliniuliza kama toleo jipya limetoka. Nikamwambia limetoka, lakini mchango bado haujatimia, tumekosa wawili. Akatoa mia mbili sitini mfukoni, noti na sarafu zenye vumbi, akaniambia nimlipie yeye na yule jamaa wa shimo la jirani, ambaye hajui kusoma Kiingereza lakini anataka kuona picha.