"Li", "Na" na "Ka" katika Hadithi Fupi

Tukipima hadithi fupi zinazosimulia moto wa Nyiragongo, mara nyingi twatazama mafundisho yake tu. Yafaa tutazame pia kile kiungo kidogo ndani ya kitendo kinachoonyesha wakati.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka, moto ukaingia Goma, ukaliharibu hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mwandishi akisema, "Mama alikimbia," twamwona mama kwa mbali, jambo limekwisha. Akisema, "Mama anakimbia," tumo njiani pamoja naye, wala hatujui kama atafika. "Mama amekimbia" yatuonyesha nyumba tupu. Bali "Alimbeba mtoto, akafunga mlango, akakimbia": hiyo "ka" yatuongoza hatua kwa hatua, kama mtu amshikaye kipofu mkono.

Basi, hatuwezi kuwasifu waandishi watumiao "na" tangu mwanzo hadi mwisho, wakidhani ndiyo nguvu ya hadithi. Msomaji aliyeuona moto ule, na ule wa tarehe 22 Mei 2021, huachwa motoni bila njia ya kutoka. Wala "li" peke yake haitoshi, maana mlima haujazimika.

Tukumbuke mfano wa Msamaria Mwema. Bwana aliusimulia kama jambo lililopita, kisha akamgeuzia msikilizaji swali, akamwagiza aende akatende vivyo hivyo. Hadithi njema na itutoe katika yaliyopita, itufikishe kwa jirani wa leo.