Kura 4,704 zaidi, na bado akashindwa

Desemba 2019 Stephen Gethins wa SNP, chama kinachopigania uhuru wa Uskoti, alipata kura 18,447 katika jimbo la North East Fife. Uchaguzi uliotangulia alikuwa amepata 13,743 na kushinda. Safari hii aliongeza kura 4,704, akapoteza ubunge. Wendy Chamberlain wa Liberal Democrats alimpita kwa kura 1,316.

Ili kuelewa, lazima turudi Juni 2017. Jimbo hili la pwani ya mashariki, lenye mji wa St Andrews na chuo kikuu chake cha kale, lilimrudisha Gethins bungeni kwa tofauti ya kura mbili. Elizabeth Riches wa Liberal Democrats alipata 13,741. Kura zilihesabiwa tena na tena. Uingereza karatasi huhesabiwa kwa mkono, na zenye utata msimamizi huziamua mbele ya mawakala. Sheria inataka alama ya X, lakini aliyeweka alama ya vema kura yake haitupwi, mradi nia yake ionekane wazi. Kwa tofauti kama ile, karatasi moja tu iliyohamishwa fungu ilitosha kubadili hesabu. Kama wangelingana kabisa, kura ya bahati nasibu ingemtoa mbunge.

Wengi huishia kwenye zile kura mbili, maana ni kisa kitamu. Mimi naona nambari yenye uzito mwaka ule ilikuwa 10,088, kura za Conservative walioshika nafasi ya tatu. Watu hao walikuwa wamekwisha kuonyeshwa, kwa hesabu isiyo na ubishi, kwamba mgombea wao hawezi kushinda hapa, na kwamba watatu tu kati yao wangeweza kumwondoa mtu wa SNP. Kijikaratasi gani cha kampeni kingelieleza hilo vizuri zaidi? Tena wapinzani wote watatu wakubwa wa SNP, yaani Conservative, Labour na Liberal Democrats, walikuwa upande mmoja wa kutetea Muungano wa Uskoti na Uingereza, na katika kura ya maoni ya 2014 wilaya ya Fife ilikataa uhuru kwa asilimia 55. Kuhama kutoka Conservative kwenda Liberal Democrats hakukuwa kuvuka mto mpana.

Sasa tulinganishe, mipaka ikiwa ile ile. Mwaka 2019 Conservative walishuka hadi 5,961, pungufu ya kura 4,127. Labour walitoka 4,026 hadi 1,707, pungufu ya 2,319. Jumla ni 6,446. Liberal Democrats waliongeza 6,022. Inavutia kusema kura zote zilihama moja kwa moja, lakini matokeo hayamfuati mpiga kura nyumbani kwake. Waliojitokeza waliongezeka kwa zaidi ya 4,000, kwa hiyo wapo wageni katika kila fungu, na huenda baadhi ya watu wa Labour walikwenda SNP. Ninachokubali ni hiki: Gethins hakuporwa wafuasi. Waliomkataa waliacha kugawanyika.

Mfumo wenyewe wa uchaguzi ndio unaoruhusu hayo. Kama ilivyo kwa viti vya majimbo Kenya na Tanzania, anayeongoza hata kwa kura moja anachukua kiti, awe na nusu ya kura au asiwe nayo. Mwaka 2017 Gethins alishinda akiwa na theluthi tu, asilimia 32.9. Mwaka 2019 asilimia 40.2 hazikumtosha.

Matokeo ya 2024 yanahitaji tahadhari. Chamberlain alishinda kwa tofauti ya kura 13,479, na wapo waliodai mbinu ile ya kuunganisha kura dhidi ya SNP imekomaa. Lakini mipaka ilikuwa imechorwa upya, na SNP ilianguka Uskoti nzima, kutoka viti 48 hadi 9. Gethins mwenyewe alirudi bungeni mwaka huo huo, ila kupitia jimbo jipya la Arbroath and Broughty Ferry.