Bahati ya Gilgil

Kaunti ya Nakuru ina maeneobunge 11, na tume ya uchaguzi, IEBC, imeyapa namba zinazofuatana: Molo 167, Njoro 168, Naivasha 169, Gilgil 170, kisha Kuresoi Kusini, Kuresoi Kaskazini, Subukia, Rongai, Bahati, Nakuru Mjini Magharibi na Nakuru Mjini Mashariki, 177. Tuseme unaandika programu ya kumpigia mkaguzi kura ya eneo la kwenda wiki hii, ila asirudishwe Molo, Njoro wala Naivasha, alikokwisha kupita.

Mwenye haraka hufanya hivi: anachukua nafasi yoyote kwenye orodha, kuanzia 0 (Molo) hadi 10 (Nakuru Mjini Mashariki), na akiangukia palipokatazwa anasogea mbele mpaka apate paliporuhusiwa. Programu haikwami na haitoi jina lililokatazwa, kwa hiyo ukiijaribu mara tano utaridhika. Ijaribu mara elfu kumi, uhesabu. Kura ya Molo inateremkia Gilgil, ya Njoro vilevile, ya Naivasha vilevile. Gilgil inajikuta na nafasi 4 kwa 11, zaidi ya asilimia 36, ilhali haki yake ni 1 kwa 8, yaani asilimia 12.5. Maeneo saba yaliyobaki yanaambulia 1 kwa 11 kila moja, hata Bahati, licha ya jina lake.

Kurudia kura hadi ipatikane halali ni haki kwa wote, na hapa wastani wake haufiki majaribio mawili. Likibaki eneo moja, wastani unakuwa majaribio 11. Yakiisha yote, kitanzi hakina pa kutokea, na kompyuta inabaki kupasha meza joto.

Mimi huchuja kwanza. Natengeneza orodha ya maeneo yaliyobaki, nikilinganisha namba za IEBC badala ya majina (nafasi moja tupu baada ya “Molo” inatosha kuipitisha Molo), nahakikisha orodha si tupu, ndipo napiga kura moja. Hata kwa wadi zote 55 za kaunti, gharama ya kunakili haihisiki.

Kwa orodha ya mamilioni, usinakili. Hapa kwetu ungepiga kura kati ya 0 na 7, kisha upitie nafasi zilizokatazwa kuanzia ndogo kwenda kubwa. Kila usipozidiwa na nafasi hiyo, jiongezee moja. Ukipata 0, inapanda 1, 2, 3: Gilgil, sawasawa. Zipitie kinyume, 2, 1, 0, na ile 0 itapanda mara moja tu, mwishoni, iwe 1. Hiyo ni Njoro, na mkaguzi ameshatoka huko.